Kijana anataka ndege za vita, babu yake alikuwepo Kagera: wikiendi moja tuanzie wapi?

"Shikamoo mwalimu. Naishi Buswelu hapa Mwanza. Kijana wangu ana miaka 14 na amekuwa kichaa wa ndege za kivita, simu yote imejaa MiG na Hercules. Baba yangu ana miaka 71, alipigana vita vya Kagera ila hajawahi kutusimulia chochote cha maana, na ana sukari. Nataka hawa wawili niwapeleke safari ya wikiendi ya historia ya ndege za vita kanda hii ya ziwa. Mpango wangu ni Entebbe tukaone ile ndege ya Wafaransa iliyotekwa 1976 nasikia bado ipo pale, tuone na jengo lenyewe, alafu tukirudi tupite uwanja wa Mwanza kijana apige picha za ndege za jeshi, na Kyaka tuone daraja lililopigwa na ndege za Amin. Mdogo wangu ana drone anataka aje nayo. Tuna Noah, tunatoka Ijumaa jioni turudi Jumapili. Inawezekana?"

Marahaba binti yangu, na mzee mfikishie shikamoo yangu maana huyo kanizidi. Swali lako nimelipenda kuliko mengi ninayoletewa kwa sababu watu wengi wa Mwanza hawajui kabisa kama wanaishi ndani ya historia hii hii wanayotaka kuifuata mbali. Mwalimu Nyerere alisema uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na wewe nakuona vyote vitatu unavyo ila ratiba ndo imekukataa. Ijumaa jioni mpaka Jumapili kwenda Entebbe na kurudi kwa Noah, na mzee mwenye sukari nyuma, hapana. Utakuwa umempeleka kuona lami.

Nianze na ile ndege, maana naona ndiyo imebeba safari yote. Ndege ya Air France iliyotekwa 27 Juni 1976 ilikuwa Airbus A300, ilitoka Tel Aviv ikapita Athens, ikatekwa, ikapelekwa Benghazi kujaza mafuta alafu ndo ikaletwa Entebbe. Baada ya yale mambo kuisha ndege ilirudishwa kwa wenyewe na ikaendelea kubeba abiria kama kawaida. Haipo Entebbe. Kuna ufukwe mmoja pale unaitwa Aero Beach umewekwa ndege chakavu za kupigia picha, watu wanapiga picha wanarudi nyumbani wanasema nimeiona, na stori inakua hivyo. Mtoto atafurahi kupanda ngazi za ndege kuukuu, sikatai, ila usimwambie ndiyo yenyewe, watoto wa siku hizi ataitafuta namba ya mkiani kwenye simu kabla hujamaliza sentensi.

Jengo la zamani nalo, pamoja na ule mnara wa kuongozea ndege wenye matundu ya risasi, liko upande wa uwanja wa zamani ambao ni eneo la jeshi la anga la Uganda. Sio sehemu unaegesha gari unakata tiketi. Wanaoingia wanaingia kwa kibali kilichoombwa mapema, na ukifika getini kichwa kichwa siku ya Jumamosi utakachoona ni geti. Ndiyo maana nasema Entebbe ni safari ya siku nne au tano, ukiwa umeandika barua mapema, kila mtu ana pasipoti au hati ya dharura ya uhamiaji na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na mtoto ana karatasi zake mwenyewe. Mambo ya hati nenda ofisi ya uhamiaji ukaulize ana kwa ana, usitegemee jirani aliyevuka mpaka wa Mutukula mwaka juzi.

Hata hivyo kuna kitu kimoja cha Entebbe nataka kijana akijue kabla hajafika popote, kwa sababu ndicho kinaeleza kwa nini ndege za vita zinapiganiwa zikiwa chini kuliko zikiwa juu. Waisraeli walikuja kuwaokoa mateka wa ndege ile na Hercules nne usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai, mwendo wa karibu kilomita 4,000. Sasa Hercules ni lori, ndege ya mizigo ya mapangaboi, inatembea kama kilomita 550 kwa saa hivi, na pale uwanjani zilikuwa zimepaki MiG za Uganda, baadhi zikiwa za kupita mwendo wa sauti. Ukiondoka na mateka 102 ndani ya malori alafu nyuma yako MiG zikaruka umekwisha. Kwa hiyo kabla ya kuondoka wakazilipua zikiwa zimepaki, hesabu inayotajwa sana ni 11. Kazi nzima uwanjani haikufika hata saa moja, wakaenda kujaza mafuta Nairobi. Mtoto anayependa ndege huwa anadhani vita vya angani ni kufukuzana mawinguni kama kwenye gemu. Mara nyingi anayeshinda ni aliyewahi kuikuta ya mwenzake imelala.

Haya, tuje nyumbani. Wikiendi yako ianzie Capri Point Jumamosi asubuhi, kwenye boti ya kwenda Saanane.

Najua utasema Saanane tumeshaenda na shule kuangalia swala na pimbi. Ndiyo, ila nani alikwambia kwamba kisiwa hicho kilipigwa na ndege kubwa ya kivita ya Libya? Mwishoni mwa Machi 1979 jeshi letu liko ndani ya Uganda linaelekea Kampala, Gaddafi alikuwa upande wa Amin, akampa Nyerere saa 24 aondoe majeshi. Mwalimu hakuondoa. Ikatumwa Tu-22, ndege ya Kirusi ya kurushia mabomu, yenye watu watatu ndani na mwendo wa kupita sauti, ije kupiga bohari ya mafuta ya Mwanza. Ikakosa. Silaha zake zikaangukia Saanane, mfanyakazi mmoja akaumia kidogo, swala na ndege wa porini wakafa wengi. Saa chache baadaye ndege za Tanzania zikavuka kwenda kujibu, zikalenga Kampala, Jinja na Tororo. Wazee wa Mwanza ukiwauliza wengi wanasema ni Amin alitupiga, na hapo ndipo mzee wako anaweza akafungua mdomo kukosoa, mwache akosoe.

Kijana atauliza, ndege kubwa hivyo inakosaje mji mzima? Swali zuri na hesabu yake anaiweza wa kidato cha pili. Chukua mfano ndege inaruka kilomita 900 kwa saa, hizo ni mita 250 kila sekunde. Bomu la enzi hizo halina usukani, likiachiwa halidondoki chini ya ndege pale pale, linaendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule wa ndege huku linashuka. Kutoka kilomita 10 juu linachukua kama sekunde 45 kufika chini, piga 45 mara 250 unapata zaidi ya kilomita 11, yaani anayelenga bohari ya Mwanza lazima aachie akiwa bado mbali kabisa huko ziwani (kiukweli zinapungua kidogo kwa sababu hewa inalipunguza mwendo). Sasa akichelewa au akiwahi sekunde nne tu, kilomita nzima imekwenda. Weka upepo, weka rubani mgeni asiyejua Capri Point wala jiwe la Bismarck, unapata swala waliokufa. Simameni pale juu ya mawe ya Saanane mtazame mji, mwambie anyooshe mkono kuonyesha kilomita moja ni wapi hadi wapi, na hilo ni somo ambalo hakuna makumbusho yatampa.

Usiende ukitafuta shimo la bomu lenye kibao, nenda ukiwa na stori kichwani. Kisiwa kina majani yake na pimbi wake kama siku zote, ilianza kama bustani ya wanyama 1964, jina ni la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi na kuvua pale, na 2013 ikawa hifadhi ya taifa. Beba vitambulisho mlipe kiingilio cha wakazi, weka pesa kwenye simu, na boti ni dakika chache tu kwa hiyo hata mzee haumii. Mpe life jaketi hata akikataa, na atakataa.

Sasa hili la uwanja wa Mwanza kupiga picha ndege za jeshi nakuomba ulifute kabisa kwenye mpango. Uwanja wetu una upande wa raia na upande wa jeshi, na kupiga picha kambi au zana za jeshi bila kibali ni kosa chini ya sheria ya usalama wa taifa ya 1970, haijalishi mpigaji ana miaka 14 na nia safi. Nimewahi kuwa na kundi la wanafunzi ambapo mmoja alinyanyua simu dirishani tukiwa barabarani tu, tulipoteza mchana mzima tukijieleza na picha zote za safari zikafutwa, na yule mtoto hakuwa na kosa, mwenye kosa nilikuwa mimi ambaye sikuwaambia kabla hatujatoka. Kusikiliza na kutazama ndege ya abiria ikitua juu ya ziwa hakuna anayekuzuia. Na hapo mwambie kijana kwamba huduma ya kwanza ya Imperial Airways kutoka London kuja Afrika ya huku, Februari 1931, mwisho wa safari ulikuwa ni Mwanza, na kipande cha kutoka Khartoum kilirukwa na ndege zinazotua majini. Sio ya kivita, ila ataanza kuliangalia ziwa kwa jicho la rubani.

Jumamosi hiyo hiyo mkitoka Saanane mnaweza kuingia barabara ya Musoma, kama kilomita 220, mlale huko, na Jumapili asubuhi mkatie Makutano kwenda Butiama kwenye makumbusho ya Mwalimu kabla ya kugeuza gari. Butiama hamtakuta ndege hata moja. Mtakuta nyumbani kwa mtu aliyeamua zile ndege ziruke, na mzee wako nadhani atapenda kufika kaburini. Njia ya Musoma nayo ina habari yake ambayo ni nzito kidogo. Mwanzoni mwa Novemba 1978 MiG zetu tatu zilizokuwa zinakuja Mwanza zilidunguliwa eneo la Musoma na wenyewe, askari wetu wa kulinda anga, wakidhani ni za Amin. Marubani walikufa. Ukitaka kumweleza mtoto ilikuwaje, mwambie afikirie: muda si mrefu kabla ndege za Uganda zilikuwa zimeipiga Bukoba, watu wana hofu, pande zote mbili zina MiG za asili moja, umbo moja, mlio mmoja, na kombora la begani linafuata joto la injini tu halisomi bendera. Anayelinda ana sekunde chache kuamua. Bila mawasiliano mazuri kati ya waliorusha ndege na walioko chini, rafiki na adui wanafanana.

Hilo simulizi usilianzishe wewe mbele ya mzee. Nitarudi hapo.

Kyaka ndiyo ninayoipenda mimi kuliko zote ila ni wikiendi nyingine, na iwe ile yenye sikukuu Ijumaa au Jumatatu. Kwanza nikurekebishe kidogo kuhusu daraja. Ndege za Amin zililipiga kweli, zikashindwa. Liliangushwa tarehe 3 Novemba 1978 na watu waliokuja chini wakafunga baruti, wakitumia mtaalamu wa kulipua kutoka migodi ya Kilembe huko Uganda. Mwambie kijana aweke rula mezani aisimamie akadondoshe maharage kutoka juu, ataona daraja ni kitu chembamba kiasi gani ukilitazama kutoka angani, bomu likikosa mita tano limeingia mtoni na wimbi la mlipuko linapita kwenye vyuma vilivyo wazi. Lakini fundi mmoja akijua mguu upi umebeba mzigo, kilo chache mahali pake zinamaliza kazi. Amin akadhani mto umeshakuwa ukuta, hatuvuki. Wahandisi wetu wakaweka daraja la muda mwezi ule ule.

Kufika huko kutoka Mwanza ni zaidi ya kilomita 400 mpaka Bukoba, alafu kama 50 nyingine kwenda Kyaka. Zamani foleni ya kivuko cha Busisi ndo ilikuwa inakula siku, sasa tangu Juni 2025 mnapita juu ya daraja la kilomita 3 na mzee atafurahia hilo peke yake. Au mwende na MV Victoria usiku kutoka bandari ya Kaskazini, mnaamka Bukoba, mzee amelala kitandani badala ya kukunjwa kwenye Noah, ila ratiba kaulizeni bandarini siku chache kabla kwa sababu meli haina safari kila siku. Mimi ningechagua meli kwenda na basi kurudi, kwa mgongo wa umri wake. Mkiwa na gari lenu, njiani kabla ya Bukoba mnapita wilaya ya Muleba ambako kuna Kaboya, makaburi ya askari wetu wa vita ile na mnara wa mashujaa. Pale pana kambi, kwa hiyo ombeni ruhusa mapema, na mzee mwenyewe akiwa na karatasi zake za utumishi mara nyingi anapokelewa kwa heshima kuliko sisi wote. Kyaka penyewe kuna magofu ya lile kanisa lililobomolewa vitani, kutoka pale unaona mto Kagera unavyokata nchi na unaelewa bila mwalimu kwa nini kila mtu alikuwa anagombania daraja lile.

Onyo moja la Kyaka na vijiji vya jirani: kijana akiona chuma cha ajabu shambani, hata kiwe na kutu namna gani, asikiguse, asikipige teke, asikipige na jiwe kusikia mlio. Baruti haizeeki kama chuma, ganda linaoza huku kilichomo ndani kinakuwa hakitabiriki. Weka alama mahali, rudini nyuma njia mliyojia, mwambie mwenyekiti wa kijiji au polisi. Na wanaouza maganda kama kumbukumbu usinunue.

Kuna watu watakwambia nenda Kigoma, kule ndege za majini za Wabelgiji zilipiga bandari 1916 na meli ya Wajerumani waliyoizamisha wenyewe mwaka huo ndiyo Liemba. Ni kweli na ni tamu, ila sio wikiendi.

Sasa mzee. Umeandika "hajawahi kutusimulia chochote cha maana" na umepita haraka, lakini mimi naona hapo ndipo safari yako ilipo. Nimesafiri na wastaafu wa vita ile mara kadhaa, na nilichojifunza ni kwamba ukimpeleka mtu mahali bila kumuuliza anaweza kukaa kimya zaidi ya alivyokuwa nyumbani. Muulize kabla, faragha, sio mbele ya mjukuu: baba, kuna mahali ungependa kupaona tena, na kuna mahali usingependa? Akisema Kyaka hapana, basi hapana, na usidai sababu. Akisema ndiyo, mpe kiti cha mbele na kazi ya kuonyesha njia, na mfundishe kijana maswali ya kuuliza. Asimuulize "babu uliua wangapi", watoto wote wanaliuliza hilo. Amuulize mlikuwa mnakula nini, mlisikiaje ndege kabla hamjaiona, mlijifichaje, ni nani alikuwa rafiki yako. Mzee mmoja alikaa kimya siku nzima tukiwa naye, alipoulizwa habari ya chakula akaongea mpaka usiku, akafika mpaka kwenye zile roketi ambazo Waganda waliziita Saba Saba na jinsi mlio wake ulivyokuwa unawatisha hata wao waliokuwa wanazirusha.

Ukiona baada ya kuanza kuzungumzia safari mzee halali, anashtuka usiku, anakuwa mkali bila sababu au anakaa peke yake, ahirisha na umpeleke hospitali akaongee na daktari wa afya ya akili, kubwa ni Bugando na wapo wanaojua mambo haya. Sio wazimu na sio aibu, na miaka zaidi ya arobaini haifuti kila kitu. Kwa sukari pia aonwe kliniki kabla ya safari yoyote inayozidi siku moja, waulize dawa atazipangaje na saa za kula, kama anatumia insulini mkae na kifaa cha ubaridi, viatu vya kufunga sio kandambili kwenye mawe ya Saanane, na gari isimame kila masaa mawili anyooshe miguu hata akisema hajachoka. Akianza kutoka jasho la baridi na kutetemeka au kuongea ovyo, kama bado anaweza kumeza mpe soda yenye sukari hapo hapo alafu kituo cha afya cha karibu, msisubiri kufika mjini. Akiwa hajitambui msimwekee kitu mdomoni, mkimbizeni.

Kwa hiyo kwa wikiendi hii uliyonayo: Ijumaa jioni laleni nyumbani, Jumamosi Saanane, mchana Musoma, Jumapili Butiama na kurudi. Kyaka mwezi ujao kama mzee amekubali. Entebbe kijana aiandikie yeye barua ya kuomba kibali, kwa mkono wake, umsaidie tu sarufi, akishaituma mtajua lini.

Na mdogo wako mwambie drone ibaki Buswelu. Kurusha kunataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na cha wizara ya ulinzi, na karibu kila sehemu niliyoitaja hapa iko jirani na kambi, uwanja wa ndege, hifadhi au mpaka. Aje na darubini, Saanane kuna tai wa ziwa.